Kupamba roshani ndogo kwa mtindo wa nyumba ya shambani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Roshani ya mita 2.5 kwa mita 1.25 inatosha kwa benchi la watu wawili, meza ya kukunja, vyungu sita au saba vya maua na taa za jioni. Zaidi ya hapo utakuwa unapita kiubavu. Uzuri wa mtindo wa nyumba ya shambani uko kwenye vitu vyenyewe: mbao zinazoonyesha zimetumika, vyungu vya udongo wa kuchoma, vikapu, kitambaa cha pamba, maua yanayomwagika kutoka kwenye kreti. Bahati mbaya vitu hivyohivyo ndivyo vinavyoharibika upesi nje. Mbao huoza, kikapu hushika koga, ndoo ya bati huliwa na kutu, kitambaa hupauka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na maji, uzito, jua na upepo, halafu ndipo unafika kwenye mapambo.

Isome roshani kwanza

Toa kila kitu, fagia, sugua sakafu kwa maji ya sabuni na ioshe. Sakafu ikishakauka, mwaga lita moja ya maji karibu na mlango na uyafuatilie kwa macho. Roshani hujengwa na mteremko mdogo, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea tundu la kutolea maji. Maji yakituama mahali, weka alama ya chaki hapo: si mahali pa mguu wa benchi wala pa kreti. Zibua tundu lenyewe na uhakikishe kwamba hakuna chombo kitakachokaa juu yake. Majani makavu ya maua yako ndiyo yatakayoliziba baadaye, kwa hiyo lifunike kwa kipande cha wavu wa matundu madogo.

Kisha chora roshani kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukisimama badala ya sentimita 10. Onyesha urefu, upana, tundu la maji, soketi kama ipo, kimo cha reli, na nafasi ambayo mlango unafagia unapofunguka kwa nje. Mara nyingi ni sentimita 80 hadi 90. Acha njia ya sentimita 60 kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Usiiamini karatasi peke yake. Kata magazeti kwa vipimo vya benchi na meza, yatandaze sakafuni, kalia kiti cha jikoni mahali benchi litakapokuwa, nyoosha miguu, fungua na ufunge mlango. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba meza waliyotaka kununua ni kubwa kwa sentimita 20.

Angalia jua siku moja ya mbingu safi: saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 alasiri. Andika ni sehemu gani ya sakafu na ya reli inapigwa na jua kila wakati. Roshani inayotazama mashariki hupata jua la upole la asubuhi. Ya magharibi hupata jua kali la alasiri linalochoma majani na kupausha vitambaa. Orodha ya mimea itatoka kwenye hicho kikaratasi.

Sasa uzito. Roshani nyingi za nyumba za makazi husanifiwa kubeba kati ya kilo 200 na 400 kwa mita ya mraba, lakini jengo la zamani huenda lilijengwa kwa kiwango cha chini zaidi. Ukiona nyufa kwenye kiungo cha roshani na ukuta, zege linalobanduka kwa chini au nondo zilizojitokeza, simamisha kazi umwite mhandisi. Chungu cha udongo cha kipenyo cha sentimita 30 hubeba karibu lita 15 za udongo, na kikishanyeshewa hufika kilo 20 hadi 25. Vyungu vinane vya aina hiyo ni kama watu watatu waliosimama hapo mchana na usiku. Vitu vizito viweke upande wa ukuta wa nyumba, ambako sakafu imeshikwa. Vyepesi ndivyo viende ukingoni.

Kuhusu reli: benchi lisikae kamwe mbele yake kama mtoto yeyote anafika hapo, hata mgeni wa siku moja. Reli ya mita 1 ikiwa na benchi la sentimita 40 mbele yake, mtoto aliyesimama juu ya benchi amebakiwa na kinga ya sentimita 60. Kreti na vyungu vikubwa vina hatari ileile. Weka benchi kwenye ukuta wa nyumba au ukuta wa ubavuni.

La mwisho kabla ya kununua chochote: kama nyumba ni ya kupanga au ya ghorofa lenye uongozi, uliza kuhusu kutoboa ukuta, kuning'iniza vitu kwenye reli na kuweka kizuizi cha upepo. Sakafu usiitoboe hata ukiruhusiwa. Chini ya vigae au saruji kuna tabaka la kuzuia maji, na tundu moja la skrubu linatosha kumletea jirani wa chini madoa kwenye dari.

Sakafu

Vigae vya mbao vya kupachikana, vya sentimita 30 kwa 30, ndivyo vinavyobadilisha roshani haraka kuliko kitu kingine chochote. Mita moja ya mraba hula vigae 11, na ongeza viwili au vitatu vya kukata pembeni. Vina fremu ya plastiki chini, kwa hiyo maji hupita na kuendelea na safari yake. Acha pengo la milimita 5 hadi 10 kuzunguka kuta zote, kwa sababu mbao ikiloa hutanuka, na ikikosa pa kwenda vigae huinuka katikati. Kigae kilicho juu ya tundu la maji kiache kiweze kung'olewa kwa mkono. Pima pia nafasi chini ya mlango: vigae vingi vina unene wa sentimita 2 hadi 3, na mlango wa kufunguka kwa nje unaweza kugota.

Kama hutaki vigae, zulia la plastiki lililofumwa linaonekana vizuri na huoshwa kwa maji. Mkonge na pamba zinapendeza zaidi, ila zifae tu roshani yenye paa ambayo mvua haiifikii. Zulia la mkonge likiloa mara mbili tatu linaota madoa meusi chini yake, na hayatoki.

Benchi lenye nafasi ya kreti chini yake

Benchi la mbao ndilo moyo wa roshani ya namna hii, na kulitengeneza mwenyewe kunakupa vipimo vinavyoingia hasa mahali pako. Hili ni la urefu wa sentimita 110, kina cha 43 na kimo cha 40. Ukiweka mto wa sponji wa sentimita 6 unapata kikalio cha karibu sentimita 45, kimo ambacho watu wengi hukaa bila kukunja magoti juu. Vipimo vyote vya mbao hapa ni sentimita.

- Miguu: vipande 4 vya mti wa 5 kwa 5, kila kimoja urefu wa 38
- Vishikizo vya ndani: vipande 3 vya mti huohuo, kila kimoja 39
- Ubao mrefu wa fremu: vipande 2 vya upana wa 10 na unene wa 2, kila kimoja 110
- Ubao mfupi wa fremu: vipande 2 vya upana na unene huohuo, kila kimoja 39
- Kikalio: vipande 4 vya upana na unene huohuo, kila kimoja 110
- Skrubu 60 za milimita 4 kwa 45, za stenlesi au zilizopakwa zinki

Kwa manunuzi hiyo ni mti mmoja wa mita 3 wa 5 kwa 5 na mbao tatu za mita 3. Kila ubao wa mita 3 unatoa vipande viwili vya 110, na masalio yanatosha vipande vifupi. Pima mbao ulizoletewa kabla ya kukata: zikishapigwa randa, mti wa 5 huwa 4.5 na ubao wa 10 huwa 9.5. Si tatizo, ila punguza au ongeza pengo kati ya mbao za kikalio ili kina kibaki sawa, na ubao ukiwa na unene chini ya 2, vipande vifupi virefushwe kwa tofauti hiyo.

Laza ubao mrefu wa fremu chini. Weka mguu kila upande, sentimita 2 ndani kutoka mwisho wa ubao, kichwa cha mguu kikiwa sawasawa na ukingo wa juu wa ubao. Hizo sentimita 2 ni za unene wa ubao mfupi utakaoingia baadaye. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, kisha funga skrubu mbili kwa kila mguu. Watu huruka kutoboa kwa sababu skrubu inaingia hata bila tundu. Inaingia, ndiyo, na siku ya tatu mbao inapasuka kufuata nyuzi zake. Fanya upande wa pili vilevile.

Simamisha pande hizo mbili, ingiza mbao fupi katikati yake na uzifunge kwenye miguu. Skrubu za upande huu zikae juu kidogo au chini kidogo kuliko zile za ubao mrefu, la sivyo zitakutana ndani ya mguu. Kabla ya kuendelea, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, halafu mshazari wa pili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa mraba. Vikitofautiana, sukuma pembe yenye mshazari mrefu hadi vilingane.

Vishikizo vitatu viingie sasa: viwili vikigusana na miguu kwa ndani, kimoja katikati kabisa, vyote vikiwa sawa na ukingo wa juu wa fremu. Vifunge kwa skrubu mbili kila mwisho, kupitia ubao mrefu. Kazi yao ni kubeba kikalio na kukuruhusu kufunga skrubu mbali na ncha za mbao, mahali zisipopasuka. Panga mbao nne za kikalio na pengo la sentimita 1 kati yao. Kipande chochote cha mbao chenye unene huo kitakusaidia kulinganisha. Funga skrubu mbili kila ubao unapokutana na kishikizo, jumla 24. Pengo hilo usilipunguze: ndilo linalotoa maji ya mvua na kuruhusu mto kukauka kwa chini.

Chini ya fremu unabaki na kimo cha sentimita 28 na upana wa 96 kati ya miguu. Kreti mbili zenye urefu wa sentimita 45 zinaingia bega kwa bega: moja ya mito wakati wa mvua, nyingine ya koleo dogo, glovu na mbolea.

Ncha za chini za miguu hunyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa mishipa ya mti imekatwa hapo. Zipake dawa ya mbao mara tatu, kila mara ukisubiri ikauke, kisha zivishe vifuniko vya mpira. Benchi likiyumba kwa sababu ya mteremko wa sakafu, ongeza kipande cha mpira chini ya mguu mmoja. Usikate mguu, siku utakapolihamisha litayumba upya.

Ukipenda kutumia paleti kuukuu, yaani jukwaa la mbao la kupangia mizigo, badala ya mbao mpya, tafuta mhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT zina maana kwamba mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo inafaa. Herufi MB zina maana ilifukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu, iache ulipoikuta. Iache pia yoyote yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali.

Rangi inayoonekana imeishi miaka

Hapa ndipo mtindo wenyewe unapopatikana, na ndipo haraka inapoharibu zaidi. Unahitaji rangi ya maji ya nje isiyong'aa ya aina mbili, moja ya kahawia iliyoiva na nyingine ya krimu au kijani kilichofifia, nusu lita kila moja. Mshumaa mweupe wa kawaida. Msasa namba 120 na namba 180. Na vanishi ya maji ya nje isiyong'aa.

Piga msasa namba 120 benchi zima ukifuata nyuzi za mbao, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha likauke. Paka kahawia mkono mmoja, yaani tabaka moja. Haihitaji kuwa kamilifu. Ikishakauka kabisa, mara nyingi saa 4 hadi 6 mahali penye hewa, chukua mshumaa na usugue mahali ambapo rangi ingechakaa yenyewe: ukingo wa mbele wa kikalio pale mapaja yanapopita, pembe za miguu, ncha za mbao, na pale vidole vinaposhika ukivuta benchi. Mistari michache mifupi inatosha. Katikati ya ubao usiguse. Benchi lililokwanguliwa kila mahali kwa kipimo kimoja linajitangaza kuwa limetengenezwa jana, kwa sababu hakuna kitu kinachochakaa hivyo.

Paka krimu mikono miwili, miepesi, ukiacha saa kadhaa kati yake. Subiri hadi kesho yake. Kisha pitisha msasa namba 180 kwa wepesi pale ulipopaka nta. Rangi ya juu itatoka kwa vipande visivyo na mpangilio na kahawia itachungulia chini yake. Simama kila baada ya kusugua kidogo, rudi nyuma hatua mbili, tazama. Kuongeza uchakavu ni rahisi. Kuuficha kunataka rangi upya.

Makosa mawili hutokea sana. Nta ikiwa nyingi, rangi ya juu hubanduka kama ganda, hata pale usipotaka. Na nta isipofutwa baada ya msasa, vanishi haishiki. Kwa hiyo sugua sehemu hizo kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, kisha paka vanishi mikono miwili. Ile ya mafuta iepuke juu ya rangi za krimu na nyeupe, maana hugeuka njano kadiri miezi inavyopita.

Kama unapenda mbao ya asili bila rangi, mafuta ya kitani yanaipa joto zuri. Kuna tahadhari moja ya lazima: vitambaa vilivyoloa mafuta haya huzalisha joto vinapokauka na vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikakamae, au vizamishe kwenye ndoo ya maji kabla ya kuvitupa.

Mimea: panga kwa kiu

Kosa linaloua mimea mingi ya roshani ni kuipanga kwa rangi tu. Lavenda na petunia zinapendeza zikiwa pamoja, lakini moja hutaka udongo ukauke na nyingine hutaka unyevu kila siku. Ndani ya kreti moja lazima moja iteseke. Panga kwa kiu na kwa jua, halafu ndani ya kundi hilo ndipo uchague rangi.

Kama roshani inapigwa na jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, tengeneza kreti mbili za mbao za sentimita 50 kwa 30, zenye kina cha 25. Ya kwanza ni ya mimea inayopenda ukavu: lavenda moja na rozmari moja kwa nyuma, thaimu mbili mbele ambazo zitatambaa juu ya ukingo. Ya pili ni ya wenye kiu: jeraniamu mbili nyuma, petunia tatu mbele. Mrehani uwe na chungu chake, na mnanaa vilevile. Ukiuchanganya mnanaa na wenzake, mizizi yake itajaza kreti nzima ndani ya msimu mmoja. Kwa roshani yenye kivuli, kangaga na begonia hufanya kazi nzuri, na kijani cha kangaga kikiwa ndani ya kikapu karibu na benchi jeupe hakihitaji ua kusaidia.

Kreti itandikwe ndani kwa plastiki nzito iliyotobolewa matundu kumi ya milimita 8 chini, ili mbao isiguse udongo mbichi. Iinue juu ya vijiti viwili vya mbao ili hewa ipite. Kwa kreti ya ukavu changanya ndoo mbili za udongo wa bustani wa kununua na ndoo moja ya perlaiti, chembe nyeupe nyepesi za mawe zinazouzwa kwa ajili ya vyungu. Mchanga mnene nao unafaa ila ni mzito sana kwa roshani, na wa pwani una chumvi. Kwa kreti ya kiu, ndoo tatu za udongo huo na moja ya mboji iliyooza vizuri. Jaza hadi sentimita 3 chini ya ukingo. Hiyo nafasi ndiyo bakuli la maji unapomwagilia. Kila kreti hubeba karibu lita 30 na ikiloa inakaribia kilo 40, kwa hiyo iweke mahali pake kabla ya kuijaza.

Acha desturi ya kuweka changarawe chini ya chungu ili maji yatoke. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe yenye nafasi kubwa. Hubaki yamening'inia kwenye udongo ulio juu ya mawe. Matokeo ni kwamba ukanda wa unyevu unapanda karibu zaidi na mizizi, na umepoteza nafasi ya udongo. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Chungu kipya cha udongo kizamishe kwenye maji saa moja kabla ya kupanda, vinginevyo kitanyonya maji ya mche. Utando mweupe utakaotokea kwa nje baadaye ni chumvi za maji na mbolea. Hauna madhara, na kwa mtindo huu ni pambo la bure.

Ndoo na makarai ya bati yanavutia, lakini bati kwenye jua hupata moto na kuchoma mizizi iliyogusana nalo. Panda kwenye chungu cha plastiki, kisha kitumbukize ndani ya ndoo ukiacha nafasi ya sentimita 2 pande zote. Toboa matundu matano ya milimita 8 chini ya ndoo, na kingo za matundu zipake rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu hapo zinki imeondoka.

Masanduku ya maua ya kwenye reli yaning'inie upande wa ndani. Yakiwa nje, upepo mmoja au ndoano moja iliyolegea inamwangushia mpita njia kilo 20, na kila ukimwagilia matope yanamdondokea jirani.

Kumwagilia hakuna ratiba ya siku. Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza, karibu sentimita 2 hadi 3. Kreti ya kiu ikiwa kavu hapo, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kreti ya ukavu isubiri hadi ukavu ufike kina mara mbili ya hapo. Baada ya dakika 20 mwaga maji yaliyobaki kwenye visahani. Yakiachwa wiki moja au zaidi mbu watazaliana humo, na mizizi itaoza. Ghorofa za juu upepo hukausha vyungu upesi, na siku za joto huenda ukamwagilia asubuhi na jioni. Ukiona maji yanapita haraka na kutoka chini papo hapo, udongo umekauka kupita kiasi na kujitenga na chungu. Zamisha chungu chote kwenye ndoo ya maji nusu saa, hadi mapovu yaishe.

Mboji ya kwenye chungu huishiwa nguvu baada ya wiki sita hivi. Kuanzia hapo wape wenye kiu mbolea ya maji kila wiki mbili, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Lavenda na rozmari usizishibishe. Mbolea nyingi huzifanya ziwe laini na kuanguka.

Kizuizi cha upepo, vitambaa, taa

Uzio wa matete unafunika reli ya chuma na kuleta rangi ya majani makavu kwa gharama ndogo. Ufunge kwa waya uliopakwa zinki kila baada ya sentimita 30, juu, katikati na chini, na uache sentimita 5 kutoka sakafuni ili maji na uchafu vipite. Usiweke plastiki isiyopitisha hewa wala turubai. Siku ya upepo hugeuka tanga, na nguvu yote inaishia kwenye maungio ya reli.

Vitambaa vichague ukiwa umesimama mbele ya benchi lako lililokauka, si dukani. Rangi tatu zinatosha: ya benchi, moja iliyofifia kama bluu ya jinzi kuukuu au kijani cha mzeituni, na kahawia ya vyungu. Kwa mito mitatu, mmoja uwe wa miraba midogo, mmoja wa mistari, mmoja wa maua, yote ikishirikiana angalau rangi moja. Miraba na maua yakilingana ukubwa yanagombana machoni, hivyo maua yawe makubwa kuliko miraba. Foronya ziwe na zipu. Sponji ikiloa hukauka polepole sana na kuanza kunuka, kwa hiyo mto huingia ndani au kwenye kreti yenye kifuniko kila usiku. Pazia la pamba pembeni ya mlango linalainisha kona zote. Shona vipande vya mnyororo mwembamba kwenye pindo la chini ili lisipeperuke.

Taa za waya za mita 5 zinatosha roshani hii. Tafuta mwanga wa kelvini 2,700 au chini ya hapo, ambao ni wa manjano ya joto. Kuanzia 4,000 mbao na krimu vinaonekana vya kijivu. Kifungashio kiwe na alama ya IP44 au zaidi, yaani taa zinavumilia kurushiwa maji. Zikiwa za sola, paneli ndogo inahitaji jua la moja kwa moja, kwa hiyo ifunge juu ya reli, si nyuma ya majani. Zikiwa za umeme, waya usibanwe na mlango. Zipitishe kwa mlalo chini ya dari au kando ya kizuizi cha upepo, zikining'inia kidogo. Ndani ya fanusi weka mshumaa wa betri: matete makavu, pazia na moto wa wazi havikai pamoja kwenye eneo la mita tatu za mraba.

Ukutani weka ngazi ya mbao ya zamani, ngazi tatu au nne tu, kama rafu ya vyungu vidogo. Ifunge juu kwa waya kwenye ndoano ya ukutani, hata kama inaonekana imetulia, na vyungu vizito vikae ngazi ya chini.

Matunzo

Kila wiki: ondoa maua yaliyonyauka kwenye jeraniamu na petunia, maana yakibaki mmea huacha kuchanua; fagia; safisha wavu wa tundu la maji. Kila mwezi: kagua waya wa uzio wa matete, ndoano za masanduku na skrubu za benchi, na ugeuze vyungu robo mzunguko ili mimea isiinamie upande mmoja. Vigae vya mbao ving'oe mara mbili kwa mwaka, fagia mchanga uliokusanyika chini yake, kisha virudishe. Vanishi ya benchi ipake upya mkono mmoja kila mwaka, au mapema zaidi ukiona matone ya maji yanaingia kwenye mbao badala ya kukaa juu yake. Piga msasa namba 180 kwanza, kwa wepesi, na usubiri siku mbili kabla ya kurudisha mito.